Waya Usichomoke

Sehemu kubwa ya haya sikuiona kwa macho yangu. Alinieleza Wardah, mjukuu wangu, siku ya nane baada ya arusi yake, fungate limekwisha, alipokuja Junda kunisalimu. Alitandika mkeka uani, akachukua ungo, akaanza kuchambua mchele. Mchele wenyewe ulikuwa safi, hauna hata chuya moja. Nikajua ana neno. Mtu asiye na neno hachambui mchele safi.

"Nyanya," akasema, "ile siku uliyousomea mto…"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akaanza.

Yeye alianzia kibandani kwa fundi. Mimi sina budi kuanzia sandukuni, maana sandukuni ndiko kosa lilikozaliwa.

Wardah alikuwa na dada, Nadira. Mama yao yuko Jidda miaka tisa sasa, anafanya kazi za nyumba za watu, na mimi ndiye niliyewalea wote wawili. Nadira alizaliwa na ugonjwa wa damu, huo unaomshika mtu mifupani akalia mpaka sauti ikamkauka. Siku zake njema alikuwa akiwapaka hina maarusi wa Kisauni, Mwandoni hata Mishomoroni, na ua alilompaka mmoja hakumpaka wa pili. Siku zake mbaya alilala chali, mto chini ya magoti, laptopu juu ya tumbo, akichora maua kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayepapasa kutafuta mwiba.

"Pumzika, mwanangu," nilikuwa nikimwambia.

"Ndiyo napumzika, Nyanya. Nikichora nasahau kuwa nina magoti."

Posa ya Wardah ilipokuja, Nadira alifurahi kuliko mwenye kuposwa. Alimkalisha dada yake kitandani, akamlaza viganja juu ya karatasi, akavizungushia penseli kidole kwa kidole. Wardah alikuwa akicheka kwa mnyeo.

"Tulia wewe, usije ukaolewa na vidole sita," akamwambia. "Nalichora ua lako humu ndani ya laptopu, juu ya alama hii ya mikono yako. Mwenyezi Mungu akinipa uzima nitakupaka kwa mkono wangu. Asiponipa, atakupaka mwingine, lakini ua litakuwa langu."

"Wacha uchuro wako."

"Si uchuro. Ni biashara. Nisije nikafa ukapakwa lile ua la nyota analompaka mwenzangu Tima kila mtu."

Walicheka wote wawili, na mimi jikoni nikacheka nao.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, Jumatano asubuhi, tulimpeleka hospitali akitembea kwa miguu yake. Jioni tulirudi naye amebebwa.

Nguo zake nilizitoa sadaka kabla ya arubaini. Mitandio, viatu, mpaka bakuli alilokuwa akivugia hina. Sikubakisha, nisije nikamzuilia thawabu zake. Laptopu peke yake ndiyo moyo uliyoikatalia. Niliizungushia leso yake, ile aliyoivaa siku ya mwisho, nikaimwagia asumini, nikaifukiza udi, nikaiweka sandukuni, chini kabisa, pamoja na sanda yangu ninayojiwekea. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso yangu. Kila Wardah alipotaka kuitazama, nilikuwa na jawabu moja: "Iwache, itaharibika." Na kila Ijumaa, yeye akiwa kazini, nilifungua sanduku, nikatoa asumini iliyonyauka, nikatia mbichi, nikafunga. Miezi kumi na tatu. Nilijua hivyo ndivyo kutunza. Dhahabu hutunzwa hivyo. Sanda hutunzwa hivyo.

Arusi ikakaribia. Wardah akasema hina hapaki isipokuwa kwa ua la dada yake. Nikasema haya, ni haki yake. Jumapili nikafungua sanduku, nikaitoa laptopu kwa bismillahi, nikampa kwa mikono miwili.

Haikuwaka.

"Haina chaji tu," akasema, akatia chaja ukutani. Kitaa cha ubavuni kikapepesa rangi ya chungwa mara tatu, kikazima. Tukangoja. Kikapepesa tena mara tatu, kikazima. Akabadilisha soketi. Akachomoa friji ya jikoni akatia pale. Nikaenda kumwazimia chaja kwa jirani, nikarudi na mbili, akasukuma waya kwa pembe hii na pembe ile, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Akaiwacha ikalala kwenye umeme. Alfajiri nilimkuta amepiga magoti mbele yake, msala bado umetandikwa nyuma yake. Kitaa kile kile. Mara tatu, giza.

"Basi, mwanangu," nikamwambia. "Ni kudra. Tima ana maua tele, utachagua."

"Sitachagua."

"Wataka kwenda kwa mumeo mikono mitupu, kama mwenye eda?"

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Kumtajia eda biarusi! Wardah akanitazama. Akaichukua ile laptopu, akaingia chumbani, akarudisha mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Hapo ndipo alipoanzia yeye, pale mkekani.

Kwetu biarusi akishaanza kusingwa, kusuguliwa manukato mwili mzima, hatoki nje. Jua lisimwone, jicho la hasidi lisimpate. Wardah alikuwa na siku ya tano ndani, mwili mzima una singo, manjano kama embe. Adhuhuri ile nilipokwenda kutawadha, aliulaza mto katikati ya kitanda, akaufunika leso gubigubi, akavaa buibui na ninja ya kufunika uso, akaibana laptopu kwapani, akatokea mlango wa uani. Mimi nilipomaliza kusali nilikwenda nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikausomea mto ule Ayatul Kursiyyu mara saba, kila mara naupuliza. Nikauomba radhi kwa lile neno langu la eda. Mto haukujibu. Nikasema, maskini, hasira hazijamtoka, nikauwacha ulale.

Kibanda cha fundi kiko kando ya barabara Mwandoni, kimebanana na kinyozi. Fundi jina lake Bramwel, mtu wa bara, mkubwa wa mwili, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Wardah aliingia akisimama wima kabisa, maana singo ilikuwa imekauka na kila akijikunja ilimomonyoka ndani ya buibui.

"Karibu, sista. Imefanya nini?"

"Haishiki chaji."

"Umejaribu chaja ingine?"

"Tatu."

"Na soketi?"

"Zote za nyumbani, mpaka ya friji."

"Sasa wewe ni fundi. Mimi umeniwachia kazi gani?"

Wardah aniambia alicheka ndani ya ninja, na kicheko kilimshtua mwenyewe, kwa vile alikuwa hajakisikia kwa siku nyingi.

Bramwel aliipima chaja kwa kile kipimo chake cha nyaya mbili. "Chaja nzima." Akamulika tundu la chaji, akalipuliza, akalichokora kwa kijiti. "Tundu zima." Akabonyeza kitufe cha kuwashia, hakukiwachia, akahesabu kwa kunong'ona mpaka thelathini. "Saa zingine inajisahau tu," akasema, "inataka kukumbushwa." Akatia waya. Kitaa kikapepesa mara tatu. Haikukumbuka.

Akaigeuza, akachukua bisibisi. Skrubu ya sita ilipotoka, kifuniko kiliinuka chenyewe. Ndani mlikuwa na betri iliyovimba kama hamri lililotiwa kwenye mafuta moto. Na hapo kibanda kikajaa harufu ya udi na asumini, mpaka kinyozi akachungulia na mkasi wake mkononi.

"Sista," Bramwel akasema, "hii mlikuwa mnaichaji ama mnaifukiza?"

Alipoona Wardah hacheki tena, akaivuta taa karibu. Kwenye feni kulikuwa na maua, yamekauka, yamesagika, yamekuwa rangi ya majani ya chai. Alichukua brashi ndogo, akayafagia polepole, akayakusanya juu ya kipande cha karatasi. Hakuyapuliza.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya dada'angu."

"Ilikaa muda gani bila kuwashwa?"

"Miezi kumi na tatu."

Bramwel akaweka bisibisi chini. "Hii kitu haikufa kwa kutumika. Betri ikikaa tupu, inajila yenyewe. Hata mngeiwasha mara moja kwa mwezi, nusu saa tu, ingekuwa hai leo. Nani aliifungia hivyo?"

Wardah akajibu, "Ni mimi."

Aliponieleza hapo alikuwa ameinama juu ya ungo. Nami nikatia mkono ungoni, nikawa naupeleka mchele upande huu na upande ule, ule mchele usio na chuya. Hatukutazamana. Kuku wa jirani akaingia uani, akadonoa punje mbili zilizoanguka, akatoka, wala hakuna aliyemfukuza.

Kisha akaendelea. Bramwel alimwambia betri ile haifufuki, na kuilazimisha ni hatari, yaweza kupasuka. Nyingine ingeagizwa Nairobi, siku kumi.

"Arusi ni Ijumaa," Wardah akasema.

"Ya nani?"

Wardah akainua mkono kuiweka sawa ninja yake. Bramwel akauona umanjano kwenye kifundo cha mkono wake, pale mkono wa buibui ulipopanda. Akatazama pembeni kwa heshima.

Akaibandua ile betri kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda, akaitia ndani ya ndoo ya mchanga. Akaunganisha chaja, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikawa kijivu, kikawaka. Jina likatokea katikati: Nadira.

"Zima," Wardah akasema haraka. "Nitaifungulia nyumbani."

"Sawa. Lakini unisikize. Hii sasa haina nguvu yake yenyewe, inaishi kwa ya ukutani. Waya ukichomoka, imezima hapo hapo, haikungojei. Kwa hivyo mchunge watu wasiukwae." Akaikunja ile karatasi yenye maua, akampa. "Na hii ni yenu."

Alirudi kabla ya alasiri. Akauondoa mto, akaingia chini ya leso yeye. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta anatota jasho. Nikasema alhamdulillahi, singo imeingia mwilini. Magharibi akaniambia kuwa Tima alikuja akaipeleka laptopu kwa fundi, na fundi kasema ni uzee tu, vitu hivi havina umri mrefu.

"Uzee?" nikamuuliza.

"Uzee, Nyanya. Hakuna aliyekosa."

Nikaamini. Ukitaka kuamini huulizi mara ya pili.

Yaliyofuata niliyaona mwenyewe.

Alhamisi saa mbili asubuhi Tima aliingia na hina yake imevugwa tayari. Tima alikuwa akifuatana na Nadira kwenye kazi; mmoja anachora, mwingine anajaza. Nilifunga mlango wa chumba, tukabaki watatu. Wanawake wengine walikuwa uani wanakuna nazi na kuimba, tukawawacha waimbe. Laptopu iliwekwa juu ya meza, waya wake umekatisha chumba mpaka ukutani. Nikachukua mbuzi ya kukunia nazi nikaiweka juu ya waya, mtu asije akaupitia.

"Nyanya," Tima akasema, "sasa mtu akiukosa waya atajikwaa kwa mbuzi."

"Ajikwae. Mguu utapona."

Wardah akabonyeza. Tukangoja. Nilikuwa nikisoma moyoni kila dua niijuayo, hata ya kupanda chombo. Jina likatokea, kisha picha ya mlango wetu wa uani, kisha majalada mengi madogo. Moja limeandikwa: Mikono ya Wardah.

Alipolifungua, Tima alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Ulikuwa mkono wa kulia. Kiganjani asumini imetungwa duara, vile ninavyoitunga mimi, tumba moja wazi na moja limefunga. Kutoka hapo mshipa wa majani umepanda mpaka kidole cha shahada, na kila jani lina mstari mmoja tu, haukukazwa. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kovu. Naam, kovu, lile Wardah alilojikata na kisu cha muhogo alipokuwa na miaka saba. Nadira hakulificha, alilizungushia ua kama mtu anayezungushia ua wa makuti mti wake. Na kifundoni, shanga. Zile za plastiki walizokuwa wakigawana, huyu wiki hii na yule wiki ile, mpaka uzi ukakatika, wakapigana mimi nikawachapa wote. Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na moja, kama zilivyokuwa.

Tima alianza kazi. Kwa saa mbili alikuwa akiinua macho kwenye kioo na kuyashusha kwenye mkono, na machozi yakimjia aliyafuta kwa bega ili asiondoe mkono. Mimi nilikuwa nikiutazama waya.

Alipomaliza kifundo, akapumua. "Haya. Tufungue wa kushoto."

Wardah alibonyeza kwa kidole kidogo cha mkono usio na hina.

Kioo kikawa cheupe. Katikati ulikuwepo mkono wa kushoto, alama yake tu, ile ya penseli, kidole kwa kidole. Ndani hamna kitu. Hamna jani, hamna mshipa. Ila kwenye ncha ya kidole cha mwisho, ua moja la asumini, petali nne. Ya tano haikuchorwa.

"Tazama vizuri," nikasema. "Pengine yako mengine yamejificha."

Tima alitafuta. Akafungua hili, akafunga lile. Akarudi palepale. Chini ya mchoro kulikuwa na tarehe, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa Jumanne. Ile Jumatano ya hospitali ndiyo iliyoifuata.

Huko uani wakaingia kibwagizo, wakapiga vigelegele.

"Si neno," Tima akasema, akijipa moyo. "Nautazama wa kulia, naugeuza. Mtu hatajua. Nadira mwenyewe alikuwa akifanya hivyo kwa wateja wakimharakisha."

"Hakuugeuza," Wardah akasema. "Angetaka, angeugeuza."

"Sasa nifanyeje, dada? Siwezi kukutoa na mkono mmoja. Watu wa mume watasemaje?"

Wardah alinigeukia mimi, akaninyoshea ule mkono.

"Nipake wewe, Nyanya."

"Mimi? Mimi najua hina ya zamani tu. Kiganja kizima na ncha za vidole. Hina ya vikongwe."

"Nipake hiyo."

Nilikaa chini. Tima akanisogezea bakuli, nikakataa kile kijifuko chake cha kuminyia, nikatia kidole. Hina ilikuwa baridi. Nilianzia kidole cha mwisho, pale pale Nadira alipowachia, nikakivika kofia nyekundu hadi kwenye pingili. Kisha cha pili, na cha tatu. Kiganja nikakijaza chote, kama mtu anayekandika ukuta, nikakilainisha kwa kidole gumba changu. Ulikuwa mkono uliopakwa vile alivyopakwa mama yangu, hauna ua hata moja. Nilipomaliza nilitaka kusema samahani, mwanangu. Wardah akaniwahi, akasema, "Umependeza," akaupuliza ukauke.

Siku ya nane, pale mkekani, alipomaliza kunieleza nilimuuliza kwa nini kule kwa fundi hakunitaja. Kwa nini hakusema, ni nyanya yangu, yule kikongwe mwenye funguo.

"Ungejua kuwa waiua, ungelifungua lile sanduku kila Ijumaa kutia asumini?" akaniuliza yeye.

"La. Nisingeweza."

"Ndiyo maana."

Basi. Alhamisi ile Tima alikwenda zake. Wanawake wa uani walikwenda kuoga na kusali. Joto lilikuwa la kukaa na kuhema. Wardah alilala chali kitandani, mikono ameitandaza huku na huku juu ya leso kuukuu, kwa sababu hina haitaki kuguswa mpaka ikauke, na mimi nilikuwa pembeni nampepea.

"Niizime laptopu?" nikamuuliza.

"Iwache, Nyanya. Kidogo tu."

Akafumba macho. Kitambo pumzi zake zikawa ndefu, vidole vikalegea, vya kulia na maua yake, vya kushoto na wekundu wake mtupu. Nikaweka upepeo chini. Nikainuka polepole niende ukutani nikautoe ule waya, umeme usije ukaleta balaa. Nikaushika. Kwenye kioo mkono wa kushoto ulikuwa bado umenyoshwa, na lile ua la petali nne.

Sikuuchomoa. Nikaketi palepale sakafuni, mgongo ukutani, miguu nimeilaza kando ya waya, ili atakayeingia anikwae mimi kwanza. Feni ya ile laptopu ilikuwa ikivuma taratibu, inahema na kutua, kama mtu aliyelala chumba cha pili. Nikasema nitafumba macho kidogo tu, mpaka alasiri. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika hina. Nikavikunjia juu ya waya, wala sikuukaza, na usingizi ukanichukua.